Kumvusha Barabara Kobe Mng'ataji Bila Kung'atwa wala Kumvunja

Kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Julai, kobe wakubwa wa rangi ya tope hutoka kwenye mabwawa na vijito vya Marekani na Kanada na kuanza kukatisha barabara. Wengi ni majike wenye mayai tumboni wanaotafuta mchanga au changarawe ya kuyafukia. Ukingo wa barabara una changarawe kavu inayopigwa jua kutwa, kwa hiyo wanaufuata, na hapo ndipo magari huwakuta. Anayesimamisha gari ili kusaidia hukutana na mnyama wa kilo 5 hadi 16, mwenye shingo ndefu na taya kali, ambaye hana njia ya kujua kwamba anasaidiwa. Mtu hung'atwa, au kobe huteguliwa mkia, kwa sababu ile ile moja: mshikaji hakujua mwili wa mnyama huyu umejengwaje.

Jina lake la kisayansi ni Chelydra serpentina. Wenyeji humwita snapping turtle, na jina hilo likariri, maana utalihitaji ukipiga simu kuomba msaada. Hapa tutamwita kobe mng'ataji. Anapatikana kusini mwa Kanada kuanzia Nova Scotia hadi Saskatchewan, kisha kote mashariki mwa Milima ya Rocky mpaka Florida na Texas. Kwa hiyo wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Ohio, Kentucky, Iowa au Ontario wanaishi jirani naye, na wengi wanakuja na mazoea ya kobe wa nyumbani. Aliyekulia Dodoma au Machakos anamjua kobe wa nchi kavu: ukimgusa anaingiza kichwa na miguu ndani, nawe unamwinua kwa mikono miwili, mmoja kila upande wa gamba. Ukimshika kobe mng'ataji hivyo, vidole vyako vimekaa hasa pale mdomo wake unapofika.

Kwa nini anang'ata

Mtazame kwa mbali kwanza. Kichwa ni kikubwa, mkia ni mrefu karibu sawa na gamba, na juu ya mkia kuna mstari wa miiba minene. Makucha ni marefu. Ukingo wa nyuma wa gamba una meno ya msumeno. Jambo la maana zaidi huwezi kuliona akiwa amesimama: gamba la tumboni ni dogo mno, lenye umbo la msalaba, na limeacha mapaja, mabega na shingo nje. Hana mahali pa kujificha. Kobe wengine wana ngome. Huyu silaha yake pekee akiwa nchi kavu ni mdomo. Akikuona karibu huinua matako, hukugeuzia uso na kurusha kichwa mbele kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuikwepa.

Majini ni mnyama mwingine kabisa. Humo ana njia ya kukimbia, na akisikia watu hupiga mbizi na kwenda zake. Waogeleaji hawana sababu ya kumwogopa.

Shingo ikinyooka hufika zaidi ya nusu ya urefu wa gamba, pembeni kushoto na kulia, na pia juu ya mgongo. Kwa hiyo gawa gamba mafungu matatu kwa macho. Fungu la mbele na la kati ni mali ya mdomo. Fungu la nyuma, kuanzia juu ya mapaja ya nyuma hadi mkiani, ndilo lako. Mbinu zote zinazofuata zimejengwa juu ya mgawanyo huo.

Kabla ya kumgusa

Wengi hawahitaji kuguswa. Barabara ya kijijini inayopita gari moja moja, simama nyuma, washa taa za tahadhari, umwache avuke mwenyewe. Ukimsogelea ataacha kutembea ili akukabili, na hapo umemchelewesha katikati ya lami. Rudi hatua kadhaa, utaona anaendelea.

Kama ni jike lililotulia ukingoni likichimba kwa miguu ya nyuma, usilishike kabisa. Linataga au linakaribia kutaga, na kulihamisha ni kuharibu kazi ya mwaka mzima. Kaa nalo kwa mbali ukiweza, au weka kitu cha kuwaonya madereva.

Pale inapobidi kumshika, usalama wako barabarani ni jambo la kwanza. Egesha nje kabisa ya lami, taa za tahadhari zikiwaka. Vaa kizibao cha kuakisi mwanga kama kimo ndani ya gari. Kwenye barabara kuu ya magari ya kasi usiingie. Piga simu polisi au mamlaka ya barabara, hata kama roho inakuuma. Kwenye kona au mlima ambapo dereva hakuoni mapema, mweke mtu wa pili mbali kidogo apunguze mwendo wa magari kwa ishara ya mkono.

Angalia alikuwa anaelekea wapi, uikumbuke vizuri. Huko ndiko atakakopelekwa, hata kama nyuma yake kuna bwawa zuri na mbele yake kuna kiwanda. Ana safari yake. Ukimrudisha alikotoka atakatisha barabara ile ile tena, pengine saa hiyo hiyo. Kosa kubwa zaidi ni kumtia kwenye buti ya gari na kumpeleka ziwa "salama zaidi" kilomita nyingi mbali. Kobe hawa hukaa katika eneo moja miaka mingi, hujua mahali pa kula, pa kulala majira ya baridi na pa kutagia. Aliyehamishwa hutangatanga akitafuta kwao, anakatisha barabara nyingi kuliko ile uliyomwokoa, na anaweza kubeba magonjwa kutoka maji ya huku kwenda ya kule.

Kapeti la gari

Hii ndiyo mbinu tunayompendekezea mtu asiyewahi kushika kobe mng'ataji, na hata aliyezoea huitumia kwa kobe mzito. Unahitaji kapeti la mpira la sakafu ya gari, au turubai iliyokunjwa mara mbili.

Zunguka kwa mbali umfikie kwa nyuma. Atageuka kukufuata, endelea kuzunguka taratibu, maana huchoka kugeuka kabla wewe hujachoka kuzunguka. Taulo au koti likitupwa juu ya kichwa humtuliza kiasi. Tandaza kapeti nyuma ya mkia wake, sehemu ngumu yenye mifereji ikiwa juu ili asiteleze. Chuchumaa, shika ukingo wa nyuma wa gamba kwa mikono miwili, mmoja kila upande wa mkia, umvute kinyumenyume mpaka tumbo lote likae juu ya kapeti. Sasa achia gamba, shika kapeti lenyewe na ulivute ukitembea kinyumenyume kuelekea upande aliokuwa anakwenda. Uso wake utakuwa mbali nawe muda wote.

Hapa watu hukosea jambo dogo. Kobe aliyevutwa kinyumenyume anafika ng'ambo akiwa ametazama alikotoka. Ukimwacha hivyo atatembea moja kwa moja kurudi barabarani, na wewe utadhani hana akili. Zungusha kapeti nusu duara kichwa kielekee mbele, nje ya barabara, kisha uinue ukingo wa nyuma wa kapeti ateremke. Mpeleke mpaka chini ya ukingo, si kwenye changarawe pembeni mwa lami.

Usimburute juu ya lami yenyewe bila kitu chini. Gamba la tumboni ni mfupa uliofunikwa kwa tabaka jembamba, na ngozi ya mapaja inagusa chini. Lami yenye kokoto humchubua mpaka damu.

Beleshi pana lenye mdomo bapa hufanya kazi hiyo hiyo. Lipitishe chini yake kutokea nyuma, polepole, mpaka uzito wote ukae juu yake, kisha umsukume au umvute chini chini. Usilitumie kumchokoza usoni ili aling'ate. Mdomo wake ni mfupa uliovikwa kitu kigumu kama ukucha, na ukigonga chuma unaweza kupasuka. Kobe asiye na mdomo hali. Kwa sababu hiyo hiyo hatuipendi ile mbinu ya kumpa fimbo aing'ate halafu umkokote nayo. Mara nyingine inafaulu, lakini uzito wote wa mwili unaning'inia kwenye taya na shingo, na akiachia fimbo uko mbele yake, si nyuma.

Kwa mikono

Ukiwa huna kapeti wala beleshi, zipo njia mbili. Glavu nene za bustani husaidia dhidi ya makucha na utelezi, lakini hazizuii taya, kwa hiyo zisikupe ujasiri wa kupeleka mkono mbele.

Kwa kobe mkubwa, inua nyuma tu. Chuchumaa nyuma yake. Kila mkono ushike ukingo wa gamba juu ya mguu wa nyuma, kidole gumba juu ya gamba, vile vinne chini, kati ya gamba na ngozi ya paja. Mkono usisogee mbele kupita mguu wa nyuma. Inua kidogo tu, miguu ya nyuma iache chini, kisha umsukume mbele. Atatembea kwa miguu ya mbele nawe unamwendesha kama toroli. Kwa njia hii hubebi kilo zote, na hata ukishtuka ukamwachia hataanguka popote.

Kwa kobe wa kilo 7 au 8 kushuka chini, unaweza kumbeba. Pitisha kiganja kilichofunguliwa chini ya tumbo kutokea nyuma, mkia ukipita juu ya kifundo chako, mpaka uhisi uzito umekaa katikati ya kiganja. Mkono wa pili ushike ukingo wa nyuma wa gamba ili asiyumbe. Kichwa kitazame nje, mbali na mwili wako na mbali na mapaja yako. Nenda ukiwa umeinama, kobe akiwa juu ya ardhi sentimita 20 au 30 tu. Watu wengi hawaangushi kobe kwa kung'atwa. Humwangusha kwa sababu miguu ya nyuma imewakwangua vifundo vya mikono bila wao kutegemea. Jua mapema kwamba atakwangua, atajinyonganyonga, pengine atakukojolea na kutoa harufu kali ya uvundo. Ukivitarajia hivyo vyote hutashtuka. Gamba likiangukia lami kutoka usawa wa kiuno hupasuka.

Usimwinue kwa mkia. Utaona watu wakifanya hivyo kwa kujiamini, na ni kweli mkia uko mbali na mdomo. Lakini mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo, na uti wenyewe umeungana na gamba. Kilo 10 zikining'inia hapo pingili zinaachana, mishipa ya fahamu inakatika, na viungo vya uzazi na haja vilivyo mwanzoni mwa mkia vinaumia. Kobe atatembea akiondoka kana kwamba hana shida. Madhara hujitokeza baadaye, pasipo na mtu wa kuyaona. Jike lililojeruhiwa hapo huenda lisitage tena.

Na hasara hiyo si ya kobe mmoja. Kaskazini, kama Ontario, jike huanza kutaga likiwa na miaka 15 hadi 20. Katika hifadhi ya Algonquin huko Ontario, ambako watafiti wamewafuatilia kobe hawa tangu 1972, imeonekana kwamba hata yai moja katika elfu halifikii kuwa kobe mzima, kwa kuwa rakuni (mnyama mdogo wa usiku anayependa mayai), mbweha na wanyama wengine hula mayai na vifaranga wengi mno. Kobe hawa hudumu kwa sababu mkubwa huishi miongo mingi na kutaga kila mara. Idadi ya wakubwa ikipungua kidogo kila mwaka barabarani, bwawa zima huisha kimyakimya. Ndiyo sababu tunasisitiza hata jambo la kutomwinua kwa mkia.

Ukikuta mwenye matuta matatu

Kwenye mito inayomwagika Ghuba ya Meksiko, kuanzia Texas na Louisiana hadi kaskazini mwa Florida na kupanda mpaka Missouri, yupo ndugu yake mkubwa zaidi, Macrochelys temminckii. Mgongo wake una safu tatu za matuta yaliyochongoka na mdomo una ndoano kubwa. Dume huweza kupita kilo 70. Huyu hutoka majini mara chache sana, na mambo tuliyoeleza hapo juu hayakutoshi kumshika. Analindwa katika majimbo mengi na taya zake zinaweza kukata kidole. Msimamie kwa mbali, piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo.

Akikung'ata

Usivute mkono. Kuvuta ndiko kunakochana nyama, na humfanya akaze zaidi. Mteremshe chini, miguu yake iguse ardhi, mwili wako utulie. Maji yakiwa karibu, mzamishe pamoja na mkono wako; akijihisi yuko majini mara nyingi huachia ili aogelee. Kama maji hayapo, tulia umngoje. Usimpige kichwani wala kumpanua taya kwa bisibisi.

Akiachia, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 5 au zaidi, kisha ulifunike kwa kitambaa safi. Ngozi ikichanika nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo. Mdomo wa mnyama wa bwawani umejaa bakteria wa tope, na kidonda chembamba chenye kina ndicho hufunga uchafu ndani. Mweleze daktari umeng'atwa na nini, na lini ulichanjwa pepopunda mara ya mwisho. Kichaa cha mbwa usikihofie, kwa kuwa wanyama watambaao hawabebi ugonjwa huo.

Hata kama hukung'atwa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, simu au mtoto, na uoshe kapeti. Kobe hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto wadogo waliokuwa wakiwaweka mdomoni waliambukizwa.

Aliyegongwa

Gamba lililopasuka si hukumu ya kifo. Vituo vya kutibu wanyamapori huunganisha magamba kwa waya na gundi za kitabibu, na kobe hupona mifupa iliyovunjika vibaya. Kanada kipo kituo cha kobe peke yao huko Peterborough, Ontario. Lakini gamba ni mfupa hai wenye damu na mishipa ya fahamu. Yule anayeonekana mtulivu yuko kwenye maumivu makali, na anaweza kung'ata kama mzima.

Mtie ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko wa kufunga na matundu ya hewa, chini weka taulo kavu. Boksi la karatasi hulirarua. Usimwekee maji, kwa maana akiwa dhaifu anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina kifupi, na maji hupeleka uchafu ndani ya nyufa. Usimpe chakula wala dawa ya binadamu, na usibandike nyufa kwa gundi au utepe. Mweke mahali penye kivuli na utulivu, na usiwashe redio ya gari. Andika hasa ulipomkuta: jina la barabara, makutano ya karibu, au alama ya ramani ya simu. Bila taarifa hiyo kituo kitamponya kisijue kwao ni wapi.

Aliyekufa naye anastahili simu kwa kituo cha kutibu wanyamapori. Kwanza, kobe huweza kuonekana amekufa naye bado yu hai, moyo ukipiga polepole mno. Pili, jike likifa barabarani mayai tumboni huweza kuwa mazima, na vituo vingi huyatoa na kuyaangua.

Kama umemnasa kwa ndoano ukivua samaki, usimwinue kwa uzi. Msogeze ufukoni kwa wavu wa kuopolea. Ndoano inayoonekana kwenye ukingo wa mdomo, mtu mmoja azuie gamba kwa nyuma na mwingine akate kishikio cha ndoano, yaani mwiba unaoizuia kutoka, kwa koleo ya waya yenye mkono mrefu. Iliyomezwa usiivute. Kata uzi ukiacha kama sentimita 30 nje, umpeleke kituoni akiwa na uzi huo. Daktari atautumia kuifuatilia ndoano.

Sheria, mayai na vifaranga

Kumsaidia kuvuka karibu kila mahali ni jambo linaloruhusiwa. Kumpeleka nyumbani ni jambo jingine. Ontario imekataza kumwinda tangu 2017. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani anawindwa kwa leseni na kwa msimu. Kabla ya kufikiria kitoweo, ujue kwamba mafuta na ini lake hulimbikiza sumu za viwandani na zebaki kutoka kwenye tope, na wajawazito na watoto hawapaswi kula nyama hiyo.

Akitaga uani kwako, mwache amalize aondoke. Kiota kina mayai 20 hadi 40, wakati mwingine zaidi, ya mviringo kama mpira wa tenisi ya mezani, ila madogo kidogo. Usiyachimbe wala kuyageuza: kilichomo ndani ya yai hujishikiza kwenye ganda, na likigeuzwa hufa. Funika mahali hapo kwa fremu ya mbao yenye wavu wa chuma, pembeni ukiacha tundu dogo la kutosha vifaranga kutoka wenyewe. Fremu hiyo iwe imewekwa kabla ya usiku wa kwanza, kwa kuwa rakuni hunusa kiota kipya na kukichimbua mapema sana.

Vifaranga hutoka kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, gamba likiwa na sentimita 3 hivi. Hao unaweza kuwashika pande mbili za gamba kwa vidole viwili. Wapeleke kwenye maji ya karibu zaidi, pale penye majani na kina kifupi, uwaweke pembezoni waingie wenyewe. Usiwatupe katikati ya bwawa.